Chumvi zinazomiminika: uliza chumvi gani, kwa kazi gani

Chumvi ya jikoni inataka nyuzi 801 ndo iyeyuke. Potasiamu kloraidi inataka 770. Ndo maana mwanafunzi wa form two ukimtajia chumvi picha inayomjia ni punje nyeupe, kitu kikavu kigumu, na hajakosea, chumvi nyingi anazokutana nazo ziko hivo. Ila kuna chumvi nyingine ambazo kwenye joto la kawaida tu la chumba ziko majimaji, unazimimina kutoka chupa hii kwenda chupa ile, na bado ni chumvi kamili, yaani ndani ni ayoni chanya na ayoni hasi basi, hujaziyeyusha kwenye maji wala kwenye spirit. Zinaitwa vimiminika vya ayoni. Wanakemia wamekubaliana kuweka mpaka kwenye nyuzi 100, chumvi yoyote inayoyeyuka chini ya hapo inaingia kwenye ukoo huu, na zile zinazobaki kimiminika hata kwenye joto la chumba ndo zinazotafutwa zaidi.

Nataka niandike kuhusu hizi kwa sababu naona watu wanaozitaja huku kwetu wanazitaja kwa sentensi moja tu, "ni viyeyushi vya kijani", yaani vimiminika vya kuyeyushia vitu visivyochafua mazingira, alafu wanapita. Kwangu mimi hiyo sentensi inaficha karibu kila kitu kizuri kuhusu hizi chumvi, na inaficha pia hatari zake.

Tuanze na kwanini ziko majimaji. Kwenye chumvi ya jikoni sodiamu ni ndogo na ya mviringo, kloraidi nayo ya mviringo, zinapangana safi kabisa, kila ayoni imezungukwa na sita za upande wa pili, ziko karibu karibu na chaji zinavutana kwa nguvu, kuivunja hiyo safu lazima umwage joto la kutosha. Sasa toa sodiamu, weka ayoni kubwa yenye umbo lisilo na mpangilio. Inayotumika sana ni imidazoliamu, pete ya atomu tano, mbili kati ya hizo ni naitrojeni, naitrojeni moja imening'iniza kaboni moja na nyingine imening'iniza mkia wa kaboni mbili, nne, au zaidi. Chaji yake chanya haijakaa sehemu moja, imesambaa kwenye pete. Kuzipanga ayoni za namna hiyo ni sawa na kupanga mihogo kwenye gunia, hata ushindilie vipi mapengo yanabaki, na kama hakuna mpangilio mzuri basi kuvutana kunapungua na joto dogo tu linatosha kuziachanisha.

Na ayoni hasi nayo ina kauli yake. Chukua imidazoliamu yenye methili upande mmoja na ethili upande wa pili. Ukiioanisha na kloraidi inayeyuka karibu nyuzi 87, bado ni kitu kigumu mezani. Ukibadili ukaweka tetrafluoroborati inashuka mpaka karibu 15. Ukiweka ile ayoni kubwa yenye makundi mawili ya trifluoromethili na salfa mbili, ambayo watu wa maabara wanaiita TFSI, inashuka mpaka chini ya sifuri, kama hasi 16 hivi. Ayoni chanya haijaguswa kabisa, umebadili mwenza tu. Hapa ndo penye utamu wa hii kemia yote, maana unaweza kuchagua pande zote mbili, na zikiwekwa kwenye hesabu jozi zinazowezekana zinafika mamilioni. Moja inachanganyika na maji, nyingine inajitenga na maji na kukaa chini. Moja inayeyusha sukari, nyingine haiigusi. Kwa hiyo mtu akikuuliza "vimiminika vya ayoni vinayeyusha nini" jibu ni kumrudishia swali, chumvi gani?

Historia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1914 Paul Walden, mkemia mzaliwa wa Latvia, aliripoti ethilamoniamu naitreti, chumvi inayoyeyuka kwenye nyuzi 12 hivi. Alikuwa hatafuti kiyeyushi cha kijani wala nini, alikuwa anachunguza ukubwa wa molekuli na upitishaji umeme wa chumvi zilizoyeyuka, na alihitaji chumvi zinazoyeyuka kwa joto dogo ili vipimo vyake vifanane na vile vya kwenye maji. Alipata, akaandika, na dunia haikushtuka. Miaka 20 baadae, 1934, Charles Graenacher akapata hataza ya kuyeyusha selulosi, ile inayojenga pamba na mbao, kwa chumvi za piridiniamu, ayoni chanya ya pete yenye atomu sita, moja ni naitrojeni, nayo ikakaa tu kwenye makabati. Alafu Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940 Frank Hurley alikuwa anatafuta njia ya kupaka alumini juu ya metali nyingine kwa umeme, kitu ambacho kwenye maji hakiwezekani kwa sababu maji yenyewe yanavunjika na kutoa haidrojeni kabla alumini haijashuka. Akachanganya chumvi ya piridiniamu na alumini kloraidi, akapata kimiminika, na alumini ikashuka.

Waliobeba hiyo kazi mbele ni wanajeshi, chuo cha jeshi la anga la Marekani kule Colorado, ambako kina John Wilkes walikuwa wanatafuta betri bora. Mwaka 1982 wakatoa chumvi za imidazoliamu zenye kloroalumineti, ayoni hasi ya alumini na kloraidi, nzuri sana kwa umeme lakini zina shida moja kubwa, hazivumilii maji hata kidogo, unyevu wa hewani tu unatosha kuzifanya zitoe mvuke wa asidi haidrokloriki, kwa hiyo kila kitu kinafanyika ndani ya kabati lisiloingiza hewa. Wengi wetu tunaofanya kazi kwenye maabara za ukanda wa pwani tunajua unyevu wa huku ulivyo, zile chumvi za kwanza zisingedumu. Mwaka 1992 Wilkes na Michael Zaworotko wakabadili ayoni hasi, wakaweka zinazovumilia hewa na maji, na kuanzia hapo ndo mlango ukafunguka, kila maabara yenye chupa na jiko la umeme ikaweza kujaribu.

Sasa sifa zake. Ya kwanza, na ndo iliyozipa umaarufu, ni kwamba karibu haziruki hewani. Fungua chupa ya asetoni au ya etha kwenye chumba kisicho na feni, baada ya muda mfupi kichwa kinauma. Fungua chupa ya kimiminika cha ayoni, nyingi hakuna harufu, hakuna mvuke, iache wazi usiku kucha ujazo haujapungua, tena nyingi ujazo utakuwa umeongezeka kwa sababu inavuta unyevu. Sababu ni ile ile ya chaji, ayoni moja haiwezi kuondoka peke yake kwenda hewani maana imeshikwa na za pembeni yake. Kwa miaka mingi watu walifundisha kwamba haziwezi kabisa kugeuka mvuke, mpaka mwaka 2006 Martyn Earle na wenzake wakaonyesha kwenye jarida la Nature kwamba baadhi yake zinakenekeka, yaani zinageuka mvuke na kukusanywa tena, zikiwekwa kwenye ombwe (mahali palipotolewa hewa) na joto kali, zinaruka kama jozi, chanya imeshikana na hasi. Kwa matumizi ya kawaida haibadilishi kitu, ila "kamwe" iliondoka kwenye vitabu.

Hiyo sifa ya kutoruka imepelekwa mbali kweli. Hadubini ya elektroni inafanya kazi ndani ya ombwe, kimiminika cha kawaida ukikiweka humo kinachemka na kupotea, na sampuli za kibaiolojia zisizopitisha umeme zinajaa chaji mpaka picha inaharibika. Mwaka 2006 kikundi cha Susumu Kuwabata kule Osaka kikaonyesha kwamba kimiminika cha ayoni kinaingia kwenye hadubini hiyo na kinatulia tu, hakichemki na hakijai chaji kwa sababu chenyewe kinapitisha umeme, na watu wakaanza kukipaka kwenye sampuli badala ya kupaka dhahabu. Mwaka 2007 Ermanno Borra wa Kanada na wenzake walipaka fedha juu ya kimiminika cha ayoni kutengeneza uso wa kioo cha darubini, wakilenga darubini ya kioo cha kimiminika inayoweza kukaa mwezini, mahali ambapo hakuna hewa na baridi ni kali. Na chombo cha LISA Pathfinder kilichorushwa Desemba 2015 kilibeba injini ndogo za NASA ambazo badala ya kuwasha mafuta zinavuta matone madogo madogo ya kimiminika cha ayoni kwa umeme wa voltaji kubwa, matone yenye chaji yanarushwa nje na chombo kinasukumwa kwa nguvu ndogo mno inayohesabika kwa mikronyutoni. Ethilmethilimidazoliamu ile ile niliyoitaja juu, pamoja na TFSI yake, iko huko.

Sifa ya pili ni umeme. Maji kinadharia yanavunjika kwenye volti 1.23, kuzidi hapo unapata haidrojeni na oksijeni badala ya kazi uliyotaka. Vimiminika vya ayoni vingi vinahimili volti 4 na kuendelea bila kuvunjika, ndo maana watu wa betri na supakapasita (vifaa vya kuhifadhi umeme vinavyojaa na kutoa haraka) hawaachi kuvichunguza, tena vingi haviwaki moto kirahisi kama viyeyushi vilivyomo kwenye betri za lithiamu za simu zetu.

Lakini ni nzito, yaani hazitiririki kirahisi. Hii watu hawaisemi sana kwenye mihadhara, wakati ndo kitu cha kwanza mkono wako utakachogundua. Ile ya butilmethilimidazoliamu (imidazoliamu yenye mkia wa kaboni nne) yenye ayoni hasi ya heksafluorofosfati ina mnato zaidi ya mara 200 ya maji kwenye nyuzi 25. Ukiivuta kwa pipeti unasubiri, ukiiachia unasubiri tena, na nusu inabaki imeng'ang'ania ukutani kwa hiyo kupima kwa ujazo ni kujidanganya, unapima kwa mzani. Vitu vinatembea taratibu ndani yake, rieksheni inayotegemea molekuli kukutana inachelewa, na kwenye kiwanda pampu inafanya kazi ya ziada. Ukipasha moto mnato unashuka haraka, tone la maji nalo linaushusha sana, na hapo ndo unakuta makala za zamani zenye namba tofauti za chumvi ile ile, mara nyingi tofauti ni unyevu tu au kloraidi iliyobaki kwenye utengenezaji. Yeyote anayesoma namba za hizi chumvi aangalie kwanza kama waandishi wamepima maji yaliyomo.

Tuje kwenye huo "ukijani". Hoja ilikuwa rahisi, viyeyushi vya kawaida vinaruka hewani na kuchafua, hizi haziruki, kwa hiyo ni safi. Mimi siikubali hiyo hoja ilivyo. Kitu kisichoruka hewani bado kinaweza kumwagwa mtoni. Imidazoliamu zinavyoongezwa mkia wa kaboni sumu yake kwa viumbe vya majini inapanda, hili limepimwa tena na tena, mkia wa kaboni nane ni mbaya kuliko wa nne na wa nne ni mbaya kuliko wa mbili, kwa sababu mkia mrefu unaingia kwenye utando wa seli kama sabuni inavyofanya. Heksafluorofosfati, ambayo ilikuwa kipenzi cha makala za miaka ya 1990, ikikutana na maji na joto inavunjika taratibu na kutoa asidi haidrofloriki, asidi inayokula kioo na kupenya ngozi ikaenda kufuata kalsiamu mwilini. Na kuna gharama ya kuitengeneza, hizi imidazoliamu zinatoka kwenye mafuta ya petroli kupitia hatua kadhaa, na kila hatua ina viyeyushi vyake na taka zake. Kuziita zote kijani kwa mkupuo ni kuwadanganya wanafunzi. Nyingine ni salama kabisa, nyingine uvae glovu na uiogope.

Ndo maana napenda kuangalia zilizofika kiwandani, maana huko hakuna anayelipia sifa nzuri tu. Kila moja iliyofika ilipewa kazi moja ambayo vitu vingine vilishindwa.

Ya kwanza niipe nafasi maana nikiisoma bado nasisimka. Kampuni ya BASF ya Ujerumani ilikuwa inatengeneza kemikali za fosfini zinazotumika kupata vile vitu vinavyofanya wino na rangi vikauke kwa mwanga wa UV. Rieksheni inatoa asidi haidrokloriki, na hiyo asidi lazima ikamatwe haraka isiharibu bidhaa. Kawaida unaikamata kwa besi kama triethilamini, ila chumvi inayotokea ni ngumu, inajaa kwenye mtungi mpaka unapata uji mzito usiokorogeka, alafu uchuje, na kuchuja tani za uji wa namna hiyo ni mateso. Mwaka 2002 wakabadili kitu kimoja tu, badala ya triethilamini wakaweka methilimidazoli. Inakamata asidi vile vile, ila chumvi inayotokea inayeyuka kwenye nyuzi 75 hivi, na rieksheni yenyewe ina joto zaidi ya hapo. Kwa hiyo badala ya uji unapata tabaka mbili za kimiminika, juu bidhaa, chini chumvi, unafungua bomba la chini chumvi inatoka, basi. Chumvi unaitibu kwa sodiamu haidroksaidi unarudishiwa methilimidazoli yako. Na kumbe ile methilimidazoli inaharakisha rieksheni pia, ikaenda kasi kiasi kwamba mtungi mkubwa haukuhitajika tena, wakatumia kireakta kidogo cha bomba, na uzalishaji ukatoka kilo 8 kwa kila mita ya ujazo kwa saa ukafika kilo 690,000. Si kosa la uchapaji, ni mara zaidi ya 80,000. Waliuita mchakato huo BASIL. Ona hapo kimiminika cha ayoni hakikuletwa kama kiyeyushi, ni taka iliyokubali kuwa majimaji ili iondoke yenyewe.

Nyingine iko Malaysia. Gesi asilia inakuja na zebaki kidogo kidogo, na zebaki inaharibu vifaa vya alumini kwenye mitambo ya gesi, mbali na sumu yake kwa watu. Kampuni ya mafuta na gesi ya Petronas wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Queen's cha Belfast, kwenye kituo chake cha utafiti wa vimiminika vya ayoni, QUILL, alichokianzisha Ken Seddon na wenzake mwaka 1999, wakatengeneza chumvi yenye shaba na kloraidi iliyonyonywa kwenye vipande vya kitu kigumu chenye matundu, gesi inapita katikati, shaba inaibadilisha zebaki kuwa ayoni na ayoni inabaki humo humo. Ilisimikwa kwenye mtambo mwaka 2011. Hapa kutoruka hewani ndo kila kitu, maana gesi inapita juu yake muda wote na ingekuwa kiyeyushi cha kawaida kingebebwa chote.

Na kwenye mafuta ya magari, kuna hatua ya kutengeneza petroli yenye okteni kubwa ambayo kwa miongo mingi imetumia asidi haidrofloriki au salfuriki kwa wingi wa kutisha, na haidrofloriki ikivuja inatambaa chini kama wingu kuelekea kwa majirani wa kiwanda. Kampuni ya mafuta ya Chevron kwenye kiwanda chao cha Salt Lake City, Marekani, wameanza tangu 2021 kutumia kimiminika cha ayoni cha kloroalumineti badala yake. Ndugu wa ile ile ya kina Hurley! Ile isiyovumilia maji. Imerudi kwa sababu ndani ya mtambo uliofungwa na kukaushwa unyevu si tatizo kubwa, na asidi yake isiyoruka ni faida kwa mtu anayelala jirani na kiwanda.

Selulosi nayo ina hadithi yake. Minyororo ya selulosi imeshikana kwa vifungo vya haidrojeni ndo maana shati la pamba haliyeyuki ukilifua, maji hayawezi kuiachanisha wala viyeyushi vingi haviwezi. Mwaka 2002 Robin Rogers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alabama walionyesha kwamba butilmethilimidazoliamu kloraidi inaiyeyusha, hadi asilimia 10 kwa kupasha kawaida kwenye nyuzi 100, na asilimia 25 ukitumia maikrowevu kwa vipindi vifupi vifupi. Kloraidi ndo inaingia na kuzishika zile haidrojeni, mnyororo unaachia mwenzake. Ukimimina maji selulosi inarudi, unaweza kuivuta ikiwa uzi. Kule Finland, Chuo Kikuu cha Aalto na profesa Herbert Sixta wameipeleka mpaka kwenye nguo, mchakato wa Ioncell, na Desemba 2018 mke wa rais wa Finland wakati huo, Jenni Haukio, alivaa gauni la sherehe za uhuru lililotoka kwenye mti wa birchi kwa njia hiyo. Viskosi ya kawaida, kitambaa cha selulosi kinachotengenezwa kiwandani, inatumia kaboni disalfaidi, mvuke wenye sumu ya neva uliowaumiza wafanyakazi wa viwandani tangu zamani, kwa hiyo hii ni tofauti ya kweli kwa mtu anayesimama mbele ya mashine.

Wafini hao pia wanayeyusha nguo kuukuu. Nguo ya mchanganyiko wa pamba na poliesta, chumvi inaichukua pamba na kuiacha poliesta ilivyo, na kuchanganya huko ndo kulikuwa kunashinda watu wa kurejeleza nguo. Sisi ambao marobota ya mitumba yanafunguliwa kila siku Karume na Gikomba, na sehemu ya robota isiyouzika inaishia dampo, tunatakiwa kuifuatilia hii kazi kwa karibu. Kikwazo chake ni kuirudisha chumvi. Baada ya kuvuta uzi chumvi yako yote iko kwenye maji, lazima uyachemshe maji yaondoke, na kwa bei ya hizi chumvi ukipoteza hata asilimia moja kila mzunguko hesabu zinakataa. Nikiwa natoa maksi kwa makala yoyote ya selulosi, naenda moja kwa moja sehemu wanayosema wamerudisha kiasi gani, na kama hawajasema nafunga.

Kuna na upande wa dawa. Kikundi cha Samir Mitragotri Marekani kilichukua kolini na asidi ya geraniki, kikapata kimiminika wanachokiita CAGE, na mwaka 2018 wakaripoti kwamba insulini iliyowekwa humo ikipewa panya kwa mdomo inashusha sukari, na mchanganyiko unakaa miezi miwili kwenye joto la chumba bila kuharibika. Ni panya, si binadamu, na tusikimbilie kumwambia mama mwenye kisukari aache sindano. Ila insulini inayovumilia joto la chumba, kwa vijiji visivyo na friji, ni jambo ambalo ningependa wanasayansi wa huku wawemo ndani yake tangu mwanzo.

Kolini hiyo ndo inanileta kwenye ndugu wa hizi chumvi ambaye naona ndo wa kwetu hasa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Andrew Abbott na wenzake wa Leicester Uingereza walichanganya kolini kloraidi, inayoyeyuka nyuzi 302, na yurea, inayoyeyuka 133, kwa uwiano wa molekuli moja kwa mbili, na mchanganyiko ukashuka mpaka nyuzi 12. Si kimiminika cha ayoni kamili maana yurea haina chaji, wao wanakiita kiyeyushi cha yutektiki, yaani mchanganyiko unaoyeyuka kwa joto dogo kuliko vitu vilivyouunda. Yurea inashika kloraidi kwa haidrojeni na kuitoa kwenye safu yake. Kinayeyusha oksaidi za metali kama ya shaba na ya zinki, jambo ambalo maji matupu hayafanyi. Mchanganyiko wa kolini kloraidi na chumvi ya kromiamu tatu (yenye chaji tatu) walioutoa 2004 unaruhusu kupaka kromu bila kromiamu sita (yenye chaji sita) inayosababisha saratani, na yutektiki nyingine ya kolini na ethilini glaikoli ikiongezewa aidini inayeyusha dhahabu. Kwa nchi yenye wachimbaji wadogo wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu hiyo ya mwisho inastahili mtu wa kuifanyia kazi hapa hapa, kwenye mchanga wa hapa, siyo kusubiri.

Na malighafi tunazo. Kolini kloraidi ni kirutubisho cha kuku, iko kwenye chakula cha mifugo, na yurea kila mkulima wa mahindi anaijua. Ila usichukue za dukani moja kwa moja. Kolini ya kuku mara nyingi imenyonywa kwenye unga wa magunzi, asilimia 60 ndo kolini na iliyobaki ni magunzi, na yurea ya mbolea ina uchafu wake, kwa hiyo tafuta za maabara, bei yake haiumizi ukilinganisha na imidazoliamu.

Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi, pima gramu 14 za kolini kloraidi na gramu 12 za yurea. Pima kolini haraka, ukichelewa itaanza kulowa kwenye karatasi kwa unyevu wa hewa. Weka zote kwenye bika kavu, ifunike, pasha kwenye maji ya moto ya nyuzi 80, koroga taratibu. Mwanzoni ni poda mbili nyeupe hazisemezani, alafu pembeni panaanza kulowa, punje zinashikana, zinateleza, na baada ya muda bika zima liko wazi kabisa, kimiminika kizito kisicho na rangi, na ukikitoa kwenye moto kikapoa hakigandi. Waache wajiulize maji yametoka wapi, kwa sababu hayapo. Tumbukiza waya mbili na balbu ndogo ya LED yenye betri, waone inavyowaka, alafu nyunyiza oksaidi ya shaba kidogo ipashe tena waone rangi inavyobadilika. Usizidishe joto, yurea ikipata moto mwingi inaanza kuvunjika na utasikia harufu ya amonia. Ukimaliza mimina kwenye chupa kavu yenye kifuniko kinachobana, andika tarehe na uzito wa chupa, alafu wiki inayofuata mpe mwanafunzi aipime tena uone imevuta maji kiasi gani.